Tumbaku ya Majani katika Nchi za Ziwa: Kuichagua, Kuichanganya na Kuisokota

Katika maandiko yetu ya lugha na desturi tumezoea kusoma habari za uvuvi, za uhunzi, za ufinyanzi na za kilimo cha mtama. Lakini habari za tumbaku ni haba mno. Sababu yake si ngumu kuiona. Waandishi wa habari hizo wamekuwa zaidi walimu na mapadre, na tangu misheni za kwanza zilipofika pwani za Ziwa, baadhi yao waliihesabu tumbaku kuwa kitu cha kukatazwa, na baadhi waliivuta wao wenyewe wala wasione kwamba ina jambo la kuandikwa. Wa kwanza hawakutaka kuuliza, wa pili hawakuona haja ya kuuliza. Hivyo maarifa ya mzee ajuaye jani lipi ni la kunusa, lipi ni la kiko, na lipi lafaa kusokotwa, yamebaki kinywani mwake; na wazee wa namna hiyo wapungua kila mwaka. Kwa kijana wa Mwanza wa siku hizi, mvutaji ni mtu anunuaye sigara dukani, moja moja au kwa pakiti, wala hajui zimeota wapi.

Iko na haja ya pili, nayo ni ya kichungaji. Mwalimu huulizwa na waamini wake kama ugoro una madhara yale yale ya sigara. Padre huulizwa kama ugoro kidogo uliomwagwa chini kwa ajili ya marehemu ni adabu tu ama ni ibada. Wala mwalimu wala padre hawezi kujibu kwa haki iwapo kitu chenyewe hakijui. Kwa hiyo nimeona yafaa kueleza hapa namna tumbaku ya majani inavyopatikana, inavyokaushwa, inavyochanganywa na kusokotwa, nikianza na jina lake.

Mmea huu si wa kwetu kwa asili. Ulitoka katika bara la Amerika, kama vile mahindi, mihogo, viazi vitamu na karanga, vitu ambavyo leo hakuna mtu wa Usukuma awezaye kuifikiri nchi yake pasipo navyo. Watu wa Christopher Columbus waliwaona wenyeji wa Kuba wakivuta moshi wa majani yaliyosokotwa katika mwaka 1492. Baada yao Waspania na Wareno wakaueneza mmea katika bahari zote. Neno letu la pwani, tumbaku, ni ndugu wa neno la Waajemi, la Wahindi na la Waarabu, nalo lashuhudia njia ya merikebu za Bahari ya Hindi. Lakini ukizunguka Ziwa wasikia maneno mengine. Waganda husema taaba. Wanyarwanda na Warundi husema itabi. Wakikuyu na Wakamba, walio mbali kidogo na Ziwa, husema mbaki. Wajaluo husema ndawa. Mtu aonaye maneno haya yamepangwa pamoja hutambua kwamba tumbaku haikupanda kutoka pwani kwa njia moja tu, na kwamba katika nchi kadha wa kadha jina liliwahi kuota mizizi kabla misafara ya waungwana haijaleta jina la Kiswahili. Nawaonya lakini walimu wasikimbilie kusema kwamba ndawa ya Wajaluo ni dawa ya Waswahili. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa undugu, na makosa mengi ya wakusanyaji wa maneno yameanzia hapo.

Kiswahili chenyewe kina utajiri wa maneno ya kazi hii, ambao wengi wetu wa bara twautumia nusu nusu. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yaonyesha kwamba kiko, ambalo sisi twalitumia kwa chombo kizima, kwa asili ni kile kibuyu au kifuu kishikacho maji. Bori ndicho kichwa cha udongo kiwekwacho tumbaku na kaa. Digali ni mwanzi utokao katika bori kuingia majini. Shilamu ni mwanzi uendao kinywani. Na malio ni ile sauti ya maji yakitokota mtu anapovuta. Mabonge ya tumbaku iliyotwangwa na kukandamizwa huitwa mikate. Tumbaku ya kunusa ni ugoro, na kijaluba chake ni tabakero. Watu wa pwani hutia tumbaku pia katika uraibu wao, pamoja na tambuu, popoo na chokaa. Nasi tutakuja kuona kwamba ile chokaa haikutiwa kwa ladha tu.

Sasa nauje mmea. Watu wengi hudhani tumbaku ni moja. Ziko mbili zilizoenea Afrika, nazo hutambulikana shambani bila shida. Moja yapanda juu kuzidi urefu wa mtu, majani yake ni mapana na marefu, na maua yake ni mekundu hafifu kama ya waridi. Hii ndiyo itiwayo katika sigara za viwandani. Ya pili ni fupi, majani yake ni manene, mviringo, yenye kikonyo, na maua yake ni ya manjano-kijani. Hii ni kali sana, kwa kuwa ina nikotini nyingi mara kadhaa kuliko ile ya kwanza. Nikotini ndicho kile kiini kilevyacho na kimfanyacho mtu awe mtumwa wa tumbaku. Watu wa Sudani watumia aina hii ya maua ya manjano kwa tumbaku yao ya kuweka mdomoni, waiitayo tumbak, nao huichanganya na magadi. Mwenye kutaka kujua mzee amepanda aina gani asimwulize jina. Amwulize ua lake.

Mbegu ni ndogo ajabu, hata gramu moja yaweza kuwa na mbegu 10,000 na zaidi. Kwa hiyo hazipandwi shambani moja kwa moja, bali huoteshwa katika kitalu chenye kivuli, kisha miche huhamishwa baada ya majuma sita hata manane. Mahali papendwapo tangu zamani ni mahame na mazizi yaliyoachwa, kwa sababu ya samadi. Mmea ukianza kutoa ua, mkulima hukikata kilele, naye huyang'oa machipukizi ya pembeni, ili nguvu zote zirudi katika majani. Asipofanya hivyo huvuna majani mepesi yasiyo na harufu.

Juu ya udongo natamani kusema zaidi, kwa kuwa hapo ndipo Msukuma ni mwalimu wa watu wote. Yeye haiiti ardhi yote kwa jina moja. Huko juu, chini ya mawe makubwa, kuna luseni, mchanga mwepesi. Huteremka kwenye itogolo. Na bondeni kuna mbuga, udongo mweusi upasukao wakati wa kiangazi. Mtaalamu Geoffrey Milne, aliyechunguza udongo wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1930, alionyesha kwamba mfuatano huo wa kutoka kilimani hata bondeni hurudia vilima vyote, na nchi ya Usukuma ikawa mojawapo ya mifano yake mashuhuri; lakini majina yalikuwapo kabla yake. Basi jani la luseni huwa jembamba, laini, la rangi ya kupauka, na hushika moto vizuri. Jani la udongo mzito huwa nene, jeusi, lenye mafuta na kali. Tena ardhi yenye chumvi nyingi hutoa jani lizimikalo moto kila mara, hata mvutaji hamalizi bila kuliwasha tena na tena. Ukinunua tumbaku sokoni usinunue kabla hujauliza imeota udongo gani, na muuzaji asiyeweza kujibu hakuilima mwenyewe.

Majani ya mmea mmoja nayo hayalingani. Ya chini hukomaa kwanza, ni mepesi na hushika moto upesi. Ya kati yana harufu nzuri kuliko yote. Ya juu, yaliyopata jua jingi, ni mazito na makali. Mkulima mwema huvuna toka chini kwenda juu, majani mawili au matatu kwa kila mche, akirudi baada ya siku kadhaa. Wala hayachanganyi katika kamba moja. Neno moja liwafikie walimu wenye bustani za shule: jani bichi lenye umande hutoa nikotini ipitayo katika ngozi. Watoto wapelekwao kuchuma alfajiri, mikono na nguo zikalowa, waweza kupata kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu. Mara nyingi husemwa kwamba ni malaria au njaa, kumbe ni tumbaku.

Kukausha ndiko kunakoamua kama jani litafaa au litatupwa. Jani bichi ni maji kadiri ya sehemu nane katika kumi. Likianikwa juani hukauka upesi, ukijani ukiwa bado ndani yake, na moshi wake hukereketa koo. Likitundikwa kivulini, penye upepo lakini pasipo mvua, hubaki hai kwa siku nyingi. Likiwa hai hutumia wanga na sukari yake lenyewe, ukijani hupotea, huwa la manjano, kisha kahawia. Kazi hiyo yataka majuma sita hata manane. Kiangazi chetu, tangu Juni hata Septemba, kina upepo mkavu uwezao kulikausha jani kabla halijamaliza kazi yake. Kwa hiyo wenye ujuzi hulitundika karibu karibu kwanza, ndipo huliachanisha. Kuna namna nyingine mbili zijulikanazo Tanzania. Kule Songea jani hukaushwa kwa moshi wa moto wa kuni. Wakulima wake waliungana katika chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo mwaka 1936. Kule Urambo na sehemu nyingine za Tabora hukaushwa kwa joto lipitalo katika mabomba ndani ya mabani, nalo jani huwa la manjano na sukari hubaki ndani yake. Kilimo hicho kilishika Urambo baada ya mpango wa karanga wa Waingereza kuanguka mwaka 1951, nacho kimekula miti mingi ya miombo.

Hapo nafika kwenye shutuma ya zamani juu ya nchi yetu. Richard Burton, katika kitabu chake cha nchi za maziwa kilichotolewa mwaka 1860, alizipanga tumbaku za bara kwa daraja. Aliisifu ya Usambara, iliyofanywa mikate midogo ya mviringo na kufungwa katika majani ya migomba. Akaisifu ya Karagwe, akisema Waarabu waliona ladha ya miski ndani yake. Na ya Unyamwezi akaihesabu kuwa laini iharibikayo upesi, nayo ya Usukuma kuwa mbaya kuliko zote. Aliongeza kwamba iliuzwa kwa mafungu yenye umbo la pia butu, kwa kuwa ilikandamizwa katika vinu.

Watu wengine wameyakariri maneno hayo kana kwamba ni hukumu ya mwisho. Lakini tuyapime. Kwanza, Burton hakufika Usukuma. John Speke alipokwenda kaskazini mwaka 1858, akaliona Ziwa tarehe 3 Agosti, Burton alibaki Kaze, karibu na mahali palipo Tabora leo, na mengi aliyoyaandika juu ya kaskazini aliyapata kwa Waarabu waliokaa pale. Pili, sukuma katika kinywa cha Mnyamwezi ni upande wa kaskazini tu. Usukuma wa wachuuzi wa Kaze ungeweza kuwa kijiji cha mwendo wa siku tatu, wala si pwani ya Ziwa. Tatu, na hili kwangu ndilo kubwa, lile umbo la kinu latuambia ilikuwa tumbaku ya namna gani. Jani litwangwalo likiwa bado na maji na kukandamizwa hupata joto ndani yake, hugeuka jeusi, hutoa harufu kali. Ni chakula cha pua na cha kiko cha nyumbani. Haikufanywa ili ichukuliwe vichwani mwa wapagazi miezi mitatu hata pwani, na ikichukuliwa hivyo ni lazima iote ukungu. Mwarabu aliyeivuta katika kiko chake cha maji, akitafuta harufu ya miski, aliipima kwa kipimo kisicho chake. Sisemi kwamba ilikuwa nzuri kama ya Karagwe. Nasema kwamba shahidi hakuwapo.

Tuendelee na kuchanganya. Ugoro wa kawaida ni jani kavu, likaangwe kidogo katika kigae, lisagwe juu ya jiwe, kisha litiwe magadi. Magadi hutoka katika maziwa ya Bonde la Ufa. Penye shida ya magadi hutumiwa majivu ya mimea. Mzee mmoja wa Ukerewe alinieleza kwamba ugoro usio magadi ni vumbi, wapiga chafya tu, hauna neno. Elimu ya siku hizi yathibitisha maneno yake. Nikotini ndani ya jani imefungwa na asidi. Ikikutana na kitu cha jamii ya magadi, chokaa au majivu, hufunguliwa, nayo huru hupenya upesi katika ngozi laini ya pua na ya kinywa. Hii ndiyo kazi ya chokaa katika tambuu la watu wa pwani, na ndiyo kazi ya magadi katika tumbak ya Wasudani. Wazee wa nchi mbalimbali, wasiojuana, walifika mahali pamoja kwa kujaribu tu.

Na jambo hilo hilo laeleza biri, yaani jani lililosokotwa kwa jani. Tumbaku ya Urambo yenye sukari hutoa moshi wenye asidi, nao hauingii mwilini vizuri mpaka uvutwe hata mapafuni. Ndiyo maana hutiwa katika sigara. Tumbaku nyeusi iliyokaushwa kivulini na kuchachuliwa hutoa moshi ulio karibu na magadi kwa tabia yake, nao huingia kwa njia ya kinywa. Mvutaji wa biri hana haja ya kuumeza moshi. Basi mtu atakaye kusokota biri nyumbani na kwenda kununua jani la manjano la Tabora, amekosea tangu sokoni. Atapata moshi mtamu mwanzo, mkali ulimini mwisho, na kiu isiyokatika. Tena kuna la sheria: jani hilo la mkataba huuzwa kwa vyama vya msingi vya wakulima, na lionekanalo sokoni kichochoroni yafaa kuulizwa lilitokaje. Jani la biri litafutwe kwa wakulima wadogo wakaushao kivulini, wale waletao mafungu yao masokoni pamoja na mihogo na ndizi. Na ikiwezekana lichaguliwe likiwa bado kambani, kwa maana fungu lililokwisha kufungwa huficha majani ya chini yenye udongo.

Jani jipya likikauka halijawa tumbaku bado. Hulazwa kwa marundo, yakiwa na unyevu kiasi, yafunikwe. Rundo hupata joto lenyewe, hutoa harufu ya amonia kama ya zizi la mbuzi, na lisipopinduliwa huungua ndani. Rundo la nyumbani huwa dogo mno kushika joto, kwa hiyo watu hukaza majani katika gunia au sanduku, wakapindua kila juma, kwa miezi mitatu au minne. Harufu ya zizi ikiisha na harufu ya kakao au ya udongo wa mvua ikaja, jani limeiva. Asiye na subira na aache kazi hii.

Katika biri yenyewe zipo tabaka tatu: majani ya ndani, jani la kufungia na jani la kuvika. Majani ya ndani ndiyo mchanganyiko, na humo ndimo ujuzi hujulikana. Kwa mwanzo yatosha sehemu mbili za majani ya kati, sehemu moja ya majani ya chini ili moto usizime, na sehemu moja ya majani ya juu ili kuwe na nguvu. Ukitumia jani la udongo mzito, punguza la juu. Ukitumia la luseni, ongeza. Ile tumbaku ya maua ya manjano usiitie kabisa, au utie kipande kidogo kama ukucha, kwa maana itafunika nyingine zote na kumlaza mvutaji kitandani. Jani la kufungia liwe imara, ingawa si zuri wa sura. Jani la kuvika liwe jembamba, lisilo tundu, lenye kunyumbulika, na mishipa yake iwe midogo. Hilo ni la kati, la luseni, lililoota kivulini mwa migomba. Wenye viwanda vya biri duniani hulipa bei kubwa kwa jani la kuvika, na mojawapo ya majani yao mashuhuri hutoka Kameruni.

Jani kavu huvunjika. Kwa hiyo hulazwa nje usiku lipate umande, au hunyunyizwa maji kidogo na kufunikwa hata liwe laini kama kitambaa. Uti wa jani hung'olewa. Majani ya ndani hayakunjwi kama mkeka, bali hukunjwa kunjwa kwa urefu, moja moja, yakiacha njia za hewa katikati. Atakayeyaviringisha pamoja kwa nguvu atakuwa na kijiti kisichopitisha moshi. Kisha hufungwa kwa jani la pili, hukandamizwa chini ya ubao usiku mmoja, ndipo huvikwa jani la tatu kwa kuzungusha mshazari toka mguuni hata kichwani. Ncha ya mwisho hugandishwa kwa uji mzito wa unga wa muhogo, kidogo sana. Biri mpya yataka kukaa majuma mengine, ili majani yazoeane. Hewa ya pwani ya Ziwa ina unyevu wa kutosha, mara nyingine wa kuzidi. Ukiona unga mweupe wenye harufu ya uvundo ni ukungu, tupa. Ukiona vitundu vidogo kama vya sindano, ni dudu wa tumbaku, ambaye hutaga mayai yake katika majani yaliyokwisha kukaushwa na kuwekwa. Wenye jokofu hugandisha majani siku chache kabla ya kuyasokota, na hilo humwua. Wasokotao kwa ganda la hindi au kwa karatasi ya gazeti hawana taabu hizi zote, lakini hiyo ni kazi nyingine; nitasema tu kwamba kitabu cha karatasi nyembamba hakikai salama katika nyumba ya mvutaji wa namna hiyo.

Mpaka hapa nimeeleza ufundi. Madhara lazima yaelezwe waziwazi vilevile, kwa kuwa katika nchi yetu husemwa kwamba sigara ya kiwandani ndiyo yenye sumu, na tumbaku ya babu ni safi. Si kweli. Wachunguzi wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wamethibitisha kwamba tumbaku isiyovutwa, ya kunusa na ya kuweka mdomoni, yaleta saratani ya kinywa na ya umio. Na biri, hata isipomezwa, yaleta ya kinywa na ya koo. Kule kuchachusha kunakoifanya tumbaku iwe laini ndiko pia kunakozidisha baadhi ya sumu zake, na magadi huongeza kasi ya nikotini. Mwalimu akiona mzee mwenye kidonda cha mdomo kisichopona kwa majuma matatu, asimshauri asukutue kwa chumvi, ampeleke hospitali.

Na Kanisa je? Hapa twaona kwamba sheria za wanadamu zimegeuka geuka. Papa Urban wa Nane mwaka 1642 aliwatishia kuwatenga watumiao tumbaku makanisani mwa jimbo la Seville. Papa Innocent wa Kumi akafanya vivyo kwa kanisa la Mtakatifu Petro mwaka 1650. Papa Benedict wa Kumi na Tatu, aliyenusa ugoro mwenyewe, akaifuta sheria hiyo mwaka 1725. Na mwaka 2018 Papa Francis alikomesha kuuza sigara ndani ya Vatikano. Katika pwani zetu, Mapadre Weupe waliofika Bukumbi mwaka 1883 hawakuifanya tumbaku kuwa kizuizi cha ubatizo. Misheni ya Africa Inland, iliyopokea kituo cha Nassa mwaka 1909, na Waadventista Wasabato, walikataza. Matokeo yake ni kwamba katika vijiji vingi tumbaku ikawa alama ya dini, mtu akajulikana ni wa kanisa gani kwa kunuka kwake. Na jambo la afya likapotea katika mashindano ya madhehebu. Nadhani hasara hiyo bado twailipa.

Juu ya ugoro umwagwao kwa marehemu, mapadre wasihukumu kwa kuona tu. Banamhala wakikutana, ugoro huzunguka toka mkono hata mkono kabla ya neno lolote. Ni salamu, na kumnyima mwenzako ni kutangaza ugomvi. Mzee akidondosha kidogo chini huku akimtaja rafiki yake aliyekufa juzi, mara nyingi anaendeleza salamu hiyo tu. Lakini pakiwa na maradhi nyumbani, ugoro ukawekwa penye kibanda cha mizimu kwa agizo la mganga, na mzimu ukaombwa uondoe ugonjwa, hapo pana ombi na pana malipo, na mambo hayo mawili si kitu kimoja hata kama mkono ni ule ule na ugoro ni ule ule. Sikilizeni maneno yasemwayo: kama ni maamkio, au kama ni sharti.

Limebaki jambo la watoto. Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 yakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18, na ugoro ni tumbaku. Desturi ya kumtuma mjukuu sokoni na sarafu na kibuyu haina ubaya machoni pa wazee, na walimu wengine hufuata desturi hiyo hiyo kwa wanafunzi wao. Afadhali waende wenyewe.

Naomba wasomaji wa Ukara, Majita, Uzinza na Bukoba waniandikie katika kurasa hizi jina la lile bonge la tumbaku litokalo katika kinu, kama lingalipo katika lugha zao, pamoja na majina ya majani ya chini, ya kati na ya juu. Waandike neno kama lisemwavyo na mtu mzima aliyelima mwenyewe, pamoja na jina la kijiji, na waseme kama ua lake lilikuwa jekundu au la manjano.